Doto Aliitika

Jumamosi, 21 Septemba 2024

Kadi ipo. Nimeikagua mara tatu leo. Iko palepale, ndani ya kopo la mafuta ya mgando, chini kabisa, nimeifunga kwenye nailoni. Asubuhi matroni alipokagua usafi wa bweni alilinyanyua lile kopo, akafuta chini yake kwa kidole, akanionyesha kidole. Moyo ulinisimama! Kumbe vumbi. Akasema nifute, akaenda zake. Nikafuta mara mbili.

Memori kadi ni marufuku hapa. Simu pia, redio pia. Tunachoruhusiwa ni sabufa ya bwaloni, Jumamosi saa tisa mpaka saa kumi na moja, na nyimbo za kwenye flashi ya shule. Ziko kumi na nne, na sita kati ya hizo ni za Krismasi! Ukikamatwa na kadi unarudi kwenu siku hiyohiyo. Na sisi kidato cha nne tumebakiza wiki saba tuingie mtihani wa taifa. Najua ni ujinga. Kila siku najiambia niitupe chooni. Siitupi.

Kaka Gervasi ndiye aliyenijazia, likizo ya Juni. Ana kibanda chake Ulyankulu, anaingizia watu nyimbo kwenye simu, na Jumapili anapiga gitaa la umeme kwenye kwaya ya parokia. Alinijazia Kunguru watupu. Ni bendi ya roki ya Uingereza. Jina lao la Kiingereza ni refu, sisi tunawaita Kunguru kwa sababu ya ndege aliye kwenye fulana zao, zile zinazokuja kwenye mitumba. Sasa hivi ni wazee, mmoja anapanda jukwaani na mkongojo. Lakini Gervasi anasema magitaa yote tunayoyasikia leo, hata ya bongo fleva, yamekunywa kwenye kisima chao. Padri alimwambia apunguze sauti. Wamama wa kwaya wakasema Padri amwache, mtoto anapiga vizuri.

Na hapa shuleni! Tangu Julai watu wamekuwa wengine. Tai za shule zinafungwa kwenye paji la uso. Kila dawati lina kunguru wa kalamu. Kidato cha kwanza wakifua wanapiga ndoo kama ngoma za Kunguru. Na kutikisa kichwa—sote tumenyolewa, hakuna nywele za kurusha, lakini tunatikisa hivyohivyo mpaka shingo zinauma. Matroni anatuangalia kwa jicho baya. Kwao wanaotikisa kichwa hivyo ni wenye pepo.

Leo Zabibu aliiazima kadi kwa saa mbili. Yeye ndiye kiongozi wa burudani, mtoto wa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, haogopi mtu. Akaichomeka kwenye sabufa matroni alipotoka. Tukaruka! Ule wimbo wao wa polepole ulipofika kwenye kiitikio, mwimbaji akapiga ukelele. Spika moja imepasuka, maneno hayasikiki. Unasikia tu doo-too, doo-too-ooo. Nikamgusa rafiki yangu Doto begani. Nikamwambia, wee, sikia, unaitwa mpaka Uingereza!

Watu walicheka! Zabibu akarudisha nyuma, akaweka tena. Dotooo. Meza nzima ikaitikia: Abee! Na Doto naye, anacheka machozi yanamtoka, akaitikia: Abee!

Halafu akaacha kucheka. Ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. Akakaa.

Ndipo nami nikakumbuka. Kulwa. Pacha wake alikufa mwaka jana mwezi wa nane, kwao Usinge. Homa siku tatu tu. Mungu ananiona, sikumkumbuka kabisa.


Jumapili, 22 Septemba

Baada ya Misa Doto alinifuata kwenye kamba za nguo. Akaniuliza taratibu, jana ulisikia kweli jina langu au ulikuwa unatania?

Ningesema natania. Neno moja tu! Lakini Zabibu na wenzake walikuwa pale wanasubiri kucheka, na mimi wakinisubiri nicheke nao siwezi kujizuia. Nikasema, kweli kabisa, na ilikuwa sauti ya kike.

Akauliza, ya kike?

Nikasema ndiyo.

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua sketi yake ikiwa bado mbichi akaingia nayo bwenini.

Mama husema mdomo wangu utaniponza. Mzaha mzaha hutunga usaha. Kesho nitamwambia.


Jumatatu, 23 Septemba

Sikumwambia. Jaribio la hesabu. Halafu alikaa na watu wakati wote. Kesho.


Jumanne, 24 Septemba

Mwandiko wa leo ni mbaya, najua.

Paredi ya asubuhi. Tumemaliza wimbo wa taifa, Mwalimu Leodgar wa nidhamu anasoma majina ya wachelewaji. Doto alikuwa mstari wa mbele yangu. Nilimwona akigeuza shingo kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Akasema "abee." Kwa sauti ya kawaida tu, ya adabu. Halafu akaanguka.

Akapiga kelele! Sijawahi kusikia kelele ile. Akawa anatikisa kichwa, kulia, kushoto, ileile tuliyokuwa tunaifanya bwaloni, ila sasa kichwa kinapiga kwenye changarawe. Nilimshika kichwa. Nguvu aliyokuwa nayo! Wanne hatukumweza.

Kisha akaanguka mwingine kidato cha pili. Wengine wawili. Wakaanza kukimbia, wanaanguka wanakimbia. Mpaka saa nne walikuwa kumi na mmoja. Wa kidato cha pili anasema ameona watu wamepanga mstari wanapita katikati ya uwanja, wana mizigo vichwani, hawaongei. Wapagazi! Kila mtu hapa anajua shule yetu iko kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, na wiki iliyopita ndiyo walifundishwa somo hilo. Nilijiambia hivyo, ni somo la Historia tu. Lakini sikuweza kugeuka kuangalia uwanja.

Doto amelazwa chumba cha wagonjwa. Mganga wa zahanati alikuja, akapima malaria. Hana.

Mimi ninayo kadi. Na mimi ndiye niliyesema sauti ya kike.


Jumatano, 25 Septemba

Amekuja Padri kutoka Kipalapala, akanyunyiza maji ya baraka. Amekuja pia Shehe kutoka mjini, amesoma dua. Walikaa benchi moja wakanywa chai pamoja, wakaafikiana tupewe mapumziko na chakula kizuri. Padri akasema wasichana wamechoka, mtihani umekaribia. Shehe akasema ni kweli, na pia vijana siku hizi wanasikiliza vitu vya ajabu.

Hilo la pili ndilo lililobaki masikioni mwa watu.

Jioni Mkuu wa shule alituita bwaloni. Mama yule hapazi sauti, na ndiyo maana tunamwogopa. Akasema wimbo uliopigwa Jumamosi haumo kwenye flashi ya shule. Kuna mtu aliuleta. Fulana zote za Kunguru zipelekwe kwa matroni. Sabufa imefungiwa stoo. Mwenye kadi ajitokeze mwenyewe mpaka Jumatatu. Akitajwa na mwenzake, au akikutwa nayo, hatafanya mtihani hapa.

Akijitokeza je? Hakusema.

Nilikuwa nimekaa katikati ya watu mia tatu, nikahisi wote wanaliona kopo langu la mafuta kupitia ukuta.


Alhamisi, 26 Septemba

Sasa wameanguka kumi na tisa.

Doto hali chakula. Uji unapoa, wanautoa.

Nilipeleka daftari lake ili nimwone. Matroni akanipa dakika tano. Amekonda kwa siku mbili tu! Akanishika mkono, wake wa baridi. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyosema:

"Kwetu tulifundishwa tangu wadogo, ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nyamaza. Akikuita tena, toka nje umtafute kwa macho kwanza. Mimi nimeitika, Esperansi. Nimeitika mbele za watu, tena nacheka."

Nikamwambia ule ni wimbo tu, Doto.

"Wewe si ulisema ni sauti ya kike?"

Nimelaaniwa mimi! Mdomo unaosema usiku na mchana, leo umenyamaza.

Akasema, "Unajua kwa nini naitwa Doto? Kulwa hutangulia. Doto hufuata. Ndivyo tulivyozaliwa. Mwaka mzima huu nilikuwa najiuliza mbona haniiti."

Matroni akaingia. Dakika tano zimeisha.


Ijumaa, 27 Septemba

Msako. Makabati yote. Daftari hili nililiingiza ndani ya sketi, tumboni, nikasimama nimebana pumzi. Matroni alifungua kopo langu. Akanusa! Akalifunga. Mafuta yalikuwa yameganda juu, hayana alama. Akapita kitanda kinachofuata.

Kwa Zabibu walikuta kalamu ya wino na karatasi aliyochora kunguru. Wakamwita ofisini. Alikaa saa mbili. Sikuweza kula wala kusoma, nilikuwa najua tu kwamba atanitaja, na mimi ningekuwa yeye ningejitaja—sijui. Labda ningemtaja mtu.

Alirudi macho mekundu. Kasema kadi aliiokota sokoni, akaitupa. Wamemvua uongozi, na analima shamba la shule wiki nzima, mpaka mzazi wake aje.

Nilimfuata shambani na maji. Akayanywa yote ndipo akaniangalia. Akasema babu yake alipiga gitaa kwenye bendi ya jazi hapahapa Tabora, enzi za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Walikuwa wanaiga bendi za nje, mashehe wakasema ni shetani, mapadri wakasema ni shetani, mama zao wakawafungia mlango. Leo nyimbo zao zinapigwa redioni kwenye kipindi cha zilipendwa na mashehe haohao wanatikisa mguu. Kwa hiyo yeye haogopi shetani wa gitaa.

Halafu akasema, "Ninachoogopa ni Doto. Mimi nimetunza mdomo wangu. Wewe fungua wako. Hukumwambia ukweli kuhusu ile sauti, au ulimwambia?"

Nikasema sijamwambia.

Akachukua jembe. Hakunisemesha tena.

Kuna jambo jingine linanikosesha usingizi. Kwenye foleni ya chakula nilisikia wawili nyuma yangu wakinong'ona kwamba hawa wa Ulyankulu, wa asili ya Burundi, wanajua dawa za kuita wafu, na kwamba hapa shuleni tuko watatu. Mmoja akasema nyamaza, huyo hapo mbele. Nikajifanya sijasikia.

Baba, mzee Anakleti, hati yake ya uraia ameitia kwenye fremu, ameitundika ukutani kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kila nikiondoka nyumbani ananiambia neno lilelile: usiwape sababu. Hasemi akina nani. Basi nimewapa. Nikisema, sitafukuzwa mimi peke yangu. Watasema Mrundi aliita mfu.

Nisiposema?


Jumamosi, 28 Septemba

Doto alitoka.

Saa nne asubuhi, jua kali, matroni yuko jikoni. Alitoka geti la nyuma peku, na gauni la wagonjwa. Aliyemrudisha ni mtu wa bodaboda, alimkuta mbali, karibu na Itetemia, anatembea katikati ya njia kuelekea magharibi. Taratibu, kichwa kimenyooka, mkono mmoja juu kama ameshika mzigo.

Yule wa bodaboda alikuwa anasimulia getini, jasho linamtoka. Anasema alimuuliza, dada unakwenda wapi? Akamjibu vizuri kabisa, nawafuata wenzangu, wametangulia.

Lori la tumbaku lilikuwa limempita sentimita hizi. Alituonyesha kwa mikono.

Niliondoka getini kabla hajamaliza.


Jumapili, 29 Septemba

Siku ya kupiga simu nyumbani. Dakika tatu kila mtu, simu ya matroni, yeye amekaa palepale anafuma. Nilimpigia Gervasi. Nikaongea Kirundi ili matroni asielewe, na nilivyoogopa nikaona hata Kirundi chenyewe kinanishtaki.

Nilimuuliza, ule wimbo wa polepole, kwenye kiitikio anasema nini hasa?

Akacheka. Akasema, mwanafunzi wa kidato cha nne hujui? Anasema don't go. Basi. Don't go, don't go. Mwimbaji aliutunga mdogo wake alipokuwa mahututi hospitalini, alikuwa amekaa kando ya kitanda. Kila shabiki wa Kunguru anajua habari hiyo.

Don't go. Usiende.

Kirundi tunasema ntugende. Mama alinishika mkoba akaniambia neno hilohilo siku naondoka kuja kidato cha kwanza, halafu akacheka akaniachia.

Kwa hiyo yule mzee wa watu siku zote hizi hamwiti mtu. Anamzuia mtu! Na mimi nimemgeuzia maneno, nimemtia Doto barabarani.

Nikamweleza Gervasi yote, harakaharaka. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, Esperansi, usiseme. Maliza mtihani kwanza. Fikiria baba. Wiki sita tu, kaa kimya, huyo mwenzio kwao watamtibu.

Matroni akanyoosha kidole: muda.

Gervasi ndiye asiyeogopa kitu nyumbani kwetu. Alimbishia hata Padri. Kama yeye naye anaogopa hivi, basi jambo lenyewe ni kubwa kuliko nilivyofikiri.

Zabibu amesikia jikoni kwamba mama yake Doto ameitwa. Kesho anakuja kumchukua. Anampeleka Usinge, kwa mganga wao wa msituni, ili watenganishwe, yeye na marehemu. Inachukua miezi. Mtihani ndiyo basi. Zabibu anasema, na kama hali chakula kwa siku sita, miezi ataifikaje?

Nimesali rozari nzima. Nilikuwa nasali nisijulikane. Katikati nikagundua ninachoomba, nikaona aibu, nikaacha.


Jumatatu, 30 Septemba

Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Saa tano na nusu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Asubuhi sikwenda darasani. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha wagonjwa. Matroni alikuwa anafungasha nguo za Doto kwenye begi. Nikamwambia nimeombwa nimsaidie. Uongo tena, lakini huu sijuti. Akatoka kuita mtu wa kubeba.

Doto alikuwa ameegemea ukuta. Midomo imepasuka. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikasema yote kwa pumzi moja. Kadi ni yangu. Sauti ya kike niliitunga, watu wacheke. Wala wimbo hausemi Doto. Unasema don't go. Ni mtu anamlilia mdogo wake asife.

Nilisikia nzi kwenye kikombe cha uji.

Kisha akasema, "Uliitunga?"

"Niliitunga."

"Hukusikia sauti ya kike?"

"Sikusikia chochote, Doto. Ni mdomo wangu."

Akanipiga kofi. Mkono hauna nguvu, haukuniuma, na kwa sababu haukuniuma nikalia. Akasema, "Siku tisa, Esperansi! Siku tisa nimekaa najiaga!" Akageukia ukutani. Nikajua nimempoteza, rafiki na mtihani na vyote, nikabaki pale chini nimeshika ukingo wa kitanda.

Halafu akasema, bado amegeukia ukutani, "Rudia hilo neno."

"Don't go."

"Kwa Kiswahili."

"Usiende."

"Rudia."

Nilirudia. Sijui mara ngapi. Usiende, Doto. Usiende. Mwisho sikujua kama naeleza maneno ya wimbo au namwomba mwenyewe. Akageuka. Akasema polepole, huku machozi yanamshuka, kwamba Kulwa naye mwaka jana, siku ya tatu ya homa, alimwambia arudi shule, asikae pale kumwangalia. Alimwambia, nenda. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Na yeye akaenda, na Kulwa akafa yeye yuko kwenye basi.

Sikujua. Miaka minne tunalala kitanda cha juu na cha chini, sikujua.

Akaomba uji. Ulikuwa wa baridi, umeshika ngozi juu. Akanywa nusu kikombe! Nilikishika mimi, meno yake yanagonga bati.

Kisha akasema, "Mama hataniamini mimi. Mgonjwa haaminiwi. Nikisema sitaki kwenda watasema ni yule anayesema ndani yangu. Nenda wewe ukawaambie. Mbele ya mama."

Nikasema, watanifukuza.

Akasema, "Najua."

Hakuniomba mara ya pili. Angeniomba ningeweza kukataa.

Ndiyo niko hapa. Kadi imo ndani ya ngumi yangu, bado ina mafuta, inateleza. Ndani wako Mkuu na Mwalimu Leodgar, wanasubiri mama yake Doto afike. Nasikia makaratasi. Kichwani ninaona fremu ya baba. Naiona imeshushwa ukutani, sijui nani kaishusha. Najiambia hakuna anayeweza kuishusha kwa ajili ya wimbo. Halafu nakumbuka ile foleni ya chakula.

Naweza kuondoka. Hakuna aliyeniita. Nikisimama sasa hivi nitawahi kipindi cha Baiolojia.

Mama yake Doto amefika. Nilimtambua kabla sijaambiwa, ana paji la uso la Doto. Ametembea kutoka barabarani, miguu myekundu kwa vumbi mpaka kwenye vigimbi, kitenge kipya. Mlinzi alimwita Mama Kulwa. Bado wanamwita hivyo.

Nikasema, shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu, akakaa kando yangu, benchi likalia. Akaniuliza kama namfahamu binti yake. Nikasema ndiyo, ni rafiki yangu, nalala kitanda cha juu yake. Akanishukuru! Kwa kumtunza mwenzangu. Nilitaka ardhi inimeze.

Kafungua kapu lake. Ametoa vifurushi viwili vya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, vimefungwa kwa kitambaa cha aina moja, fundo la aina moja. Kimoja karudisha kapuni. Cha pili kaniwekea mapajani. Anasema chukua, mwanangu, ule. Nikasema mama, si vya Doto hivi? Akatabasamu kidogo, akasema cha Doto ni kile. Hiki kilikuwa cha mwenzake. Mkono umezoea kufunga viwili, anasema, naukataza hausikii.

Kifurushi kipo hapa juu ya daftari. Kinanukia nyumbani kwa watu. Naandika kwa kukizunguka.

Mlango umefunguka. Mwalimu Leodgar amesimama, anatuangalia mmoja mmoja. Anashangaa kuniona. Anauliza, nani anaanza?

Mama Kulwa amenishika goti. Anasema miguu yake imechoka na safari, anasema tangulia wewe mwanangu, mimi nitafuata